Nimepata mbwa wa kuniongoza, sasa naambiwa nijiunge na chama. Kuna haja?

#1 Binti Mkwakwani
Habari zenu wakuu. Mimi ni asiyeona, mzaliwa wa Tanga, naishi Columbus, Ohio, mwaka wa kumi na moja sasa. Macho yaliondoka kwa presha ya macho, na kwa miaka sita nimetembea na fimbo nyeupe. Mwezi uliopita nimerudi kutoka shule ya mbwa na binti mmoja mweusi, Labrador, ana miaka miwili. Wiki ya tatu hii tunakwenda kazini wawili.

Swali langu ni hili. Usiku wa mwisho kule shuleni, wenzangu waliokuja kuchukua mbwa wa pili na wa tatu walinisisitiza: ukifika nyumbani jiunge na chama cha wenye mbwa. Nikauliza chama kipi, wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe. Huyu anasema NAGDU, yule anasema GDUI. Nikaenda kulala sijaelewa. Baadaye nimezisoma tovuti zote mbili kwa kisoma skrini: mikutano, ada, kamati, maazimio. Mimi nina kazi ya zamu, nina watoto wawili, nina kikundi cha kina mama wa Kitanzania ambacho tayari kinanidai mchango wa miezi miwili. Mbwa nimeshampata, shule inapokea simu, sheria ipo. Chama ni cha nini tena?

Aliyejiunga aniambie alichopata. Aliyekataa naye aniambie sababu.

#2 Kisiki cha Mpingo
Hongera sana dada. Jina lake nani?

#3 Binti Mkwakwani
Ahsante. Jina nalihifadhi. Tumefundishwa hivyo: watu wakilijua wanamwita njiani, akigeuza kichwa mara moja tu mimi nimeshajigonga kwenye nguzo. Humu ndani muiteni Mwali.

#4 Baba Neema
Dada, kwangu jibu ni hapana. Niko Dallas, huyu nilie naye ni mbwa wa pili, jamii ya German Shepherd, na sijawahi kulipa ada ya chama chochote. Mbwa wa kwanza alipoanza kunivuta upande wa kulia nilipiga simu shuleni, wakamleta mwalimu mpaka nyumbani kwangu, akatembea na mimi siku mbili, sikutoa hata senti. Chama hakina mwalimu. Chama kina mikutano. Kila Julai watu wanapanda ndege kwenda kukaa hotelini wiki nzima na kupiga kura juu ya maazimio. Mwenye nafasi aende, mimi nina kazi.

#5 Nukta Nundu
Baba Neema, shule inajua mbwa. Siku mbwa ni mzima, wewe ni mzima, na mwenye mgahawa ndiye mgonjwa, shule itakuandikia barua nzuri na hapo ndipo itakapoishia. Shughuli ya haki ni ya chama.

Binti Mkwakwani, wale wenzako hawakubishana bure, ugomvi wao una umri mkubwa kuliko wao. Kuna NFB, shirikisho la wasioona, lililoanzishwa Baltimore mwaka 1940, rais wake wa kwanza Jacobus tenBroek, profesa asiyeona. Mwaka 1961 walifarakana, kundi likatoka na kuunda ACB, baraza la wasioona. Tangu hapo Marekani ina nyumba mbili za wasioona. NAGDU ni kitengo cha wenye mbwa ndani ya NFB. GDUI ni chama cha wenye mbwa kilicho chini ya mwavuli wa ACB. Ukiingia upande mmoja umeingia na historia yake. Mimi niko NAGDU, miaka tisa, nalisema hilo mapema ili usiseme nilikuficha.

#6 Pwani ya Chesapeake
Mwalimu Nukta Nundu, sahihisho dogo. NFB ilianzishwa Wilkes-Barre, Pennsylvania. Baltimore ni makao makuu tu, na walihamia baadaye sana. Ninakaa hapa Baltimore, jengo lao nalipita kila wiki.

#7 Nukta Nundu
Umenena, ni Wilkes-Barre. Nimeandika kwa haraka.

#8 Kasuku wa Ujiji
Mbona mnamtisha dada na siasa? Mimi nilijiunga na chama cha mbwa kwenye mtandao ndani ya dakika kumi. Nililipa dola sitini na kitu, nikatumiwa kadi yenye picha ya mbwa, namba ya usajili, na koti jekundu la kumvalisha. Nikienda popote naonyesha kadi. Hakuna mkutano wala kura.

#9 Bi Rehema wa Chake
Mdogo wangu Kasuku, pole. Hicho si chama, ni duka. Sheria ya Marekani ya watu wenye ulemavu, ile ya 1990 wanayoiita ADA, haitaki usajili wa mbwa, haitaki cheti, haitaki kadi wala koti. Hakuna daftari la taifa la mbwa hawa, kwa hiyo hiyo namba yako haijaandikwa popote zaidi ya kompyuta ya aliyekuuzia.

Mwenye duka anaruhusiwa kuuliza mambo mawili tu, tena pale ambapo haionekani wazi mbwa anafanya kazi gani. Kwanza, je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu? Pili, amefundishwa kufanya kazi gani? Basi. Haruhusiwi kuuliza unaumwa nini, haruhusiwi kumwambia mbwa aonyeshe kazi yake. Anaweza kukutoa kama mbwa amekushinda na humdhibiti, au kama anajisaidia ndani. Hofu ya mbwa au mzio wa manyoya si sababu ya kukukatalia.

Sasa angalia ubaya wa kadi. Wewe ukiionyesha leo kwenye mgahawa, kesho mwenye mgahawa ataidai kwa Binti Mkwakwani ambaye hana, na wala hatakiwi kuwa nayo.

#10 Kasuku wa Ujiji
Sikulijua hili. Mbwa wangu alifundishwa kweli, tena vizuri, lakini shule yake ilikuwa ndogo na hakuna aliyenieleza. Kadi naiweka kabatini. Ahsante dada.

#11 Kisiki cha Mpingo
Samahani, swali la anayeona. Mbwa anajuaje taa za barabarani zimewaka kijani?

#12 Binti Mkwakwani
Hajui. Watu wengi wanadhani Mwali ndiye anayeamua. Mimi ndiye ninayejua tunakwenda wapi na ninayesikiliza magari: yale yaliyo sambamba na mimi yakianza kuondoka, najua ni zamu yetu, namwambia twende. Kazi yake ni kunipitisha kando ya vizuizi, kusimama kwenye ukingo wa barabara na kwenye ngazi. Lakini nikisema twende na gari likawa linakuja, anakataa amri. Hilo wanafundishwa makusudi, kukaidi kwa akili. Wiki iliyopita alinizuia mbele ya gari lile la umeme lisilo na sauti. Nilisema twende, akajiweka mbele ya magoti yangu na hakusogea. Upepo wa lile gari niliusikia usoni.

#13 Dereva wa Kisauni
Nimesoma kimya tangu juzi, sasa niseme. Mimi naona, sina mbwa. Naendesha teksi ya programu ya simu hapa Minneapolis, miaka minane. Mwaka wangu wa kwanza nilimwacha mtu kama Binti Mkwakwani kando ya barabara, baridi ya Januari. Nilimwona na mbwa nikabonyeza kughairi, nikaondoka. Niliona alivyoinua uso akisikia gari linapita. Lile jambo halijaniisha.

Watu husema madereva Waislamu wanakataa kwa sababu ya dini. Kwangu haikuwa dini. Gari nilikuwa nimelikodi, mwenye gari alikuwa ananitoza usafi kila akikuta unywele. Hilo tu. Na hakuna aliyenifundisha kwamba mbwa yule ni macho ya mtu. Kule kwetu mbwa ni wa kulinda geti.

#14 Baba Neema
Ndugu dereva, nashukuru umesema. Lakini mimi nimekataliwa na dereva mwenye gari lake mwenyewe, aliniambia wazi kuwa ni najisi. Usitoe dini kabisa kwenye mizani.

#15 Pwani ya Chesapeake
Mimi naona ni woga mtupu. Nusu ya tuliokulia Afrika Mashariki tuliwahi kufukuzwa na mbwa tukiwa watoto, na tuliambiwa kichaa cha mbwa hakina dawa kikishajitokeza, jambo ambalo ni kweli. Mtu mzima wa miaka arobaini anabeba hofu ya utotoni ndani ya gari lake.

#16 Ami wa Shela
Assalaam alaikum. Mie ni mzee wa Lamu, makazi yangu Leicester, Uingereza. Kuhusu dini, wanangu, tusiliseme nusunusu.

Sisi watu wa mwambao ni Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii. Kwa Shafii mbwa ni najisi nzito, akikugusa na umajimaji unaosha mara saba, moja kwa udongo. Kwa Imamu Malik, afuatwaye Afrika Magharibi, mbwa ni safi, si najisi. Kwa hiyo Mwislamu wa Afrika Magharibi na Mwislamu wa Lamu hawaoni jambo moja. Lakini hata kwa Shafii, kumgusa mbwa mkavu na mkono mkavu hakuna la kuosha, na dharura ina hukumu yake. Qurani yenyewe imeruhusu nyama iliyowindwa na wanyama waliofundishwa, Sura ya Al-Maida aya ya 4, na katika Al-Kahf mbwa wa wale vijana amenyoosha miguu kizingitini mwa pango. Hapa kwetu Leicester, mwaka 2008, kijana mmoja asiyeona aliruhusiwa kuja msikitini na mbwa wake. Mbwa hukaa mlangoni, kijana huingia kusali. Wazee walibishana, kisha wakakubaliana.

Na sheria ya huku, ya 2010, inasema dereva wa teksi akimkataa mwenye mbwa, au akimtoza zaidi, faini yafika pauni 1,000. Aruhusiwaye kukataa ni mwenye cheti cha maradhi tu, mathalani pumu. Dini haimo.

#17 Dereva wa Kisauni
Shikamoo ami. Hapa Minneapolis jambo hili lilifika mbali. Mwaka 2007 mamlaka ya uwanja wa ndege iliamua dereva wa teksi akikataa abiria anasimamishwa siku 30, akirudia anafutiwa leseni miaka miwili. Lakini wazee wa hapa wanasema abiria wengi waliokataliwa walikuwa wamebeba chupa za pombe, wenye mbwa walikuwa wachache. Magazeti yakachanganya yote kapu moja, madereva wa Kisomali wakabeba lawama hata ya wasiokuwa Wasomali.

#18 Ami wa Shela
Marahaba mwanangu. Hilo la kuchanganywa kapu moja twalijua hata huku.

#19 Nukta Nundu
Tumefika nilipotaka. Binti Mkwakwani, umeuliza chama ni cha nini. Mwaka 2014 NFB waliipeleka Uber mahakamani kule California kwa sababu madereva walikuwa wanawakataa wenye mbwa. Mwaka 2016 wakafikia makubaliano: dereva akimkataa mwenye mbwa makusudi anaondolewa kwenye programu, na kila dereva anaarifiwa wajibu wake. Mtu mmoja mmoja asingeweza. Ilihitaji mamia ya watu kuandika tarehe, saa na mahali walipoachwa. Ukijiunga, siku yako ya kuachwa inaingia kwenye rundo hilo badala ya kufia kwenye simu yako.

#20 Baba Neema
Mwalimu, mimi nimekataliwa mara nne baada ya hiyo 2016. Makubaliano mazuri, barabarani mbona hayajafika?

#21 Nukta Nundu
Sijasema yamefika. Nasema pasipo hayo usingekuwa hata na pa kushika.

#22 Bi Rehema wa Chake
Mwalimu anapigia debe nyumba yake, nami nipigie yangu. Niko GDUI, Seattle. Nilianza upande wa NFB nikatoka. Pale kwao fimbo ndiyo malkia. Waliokomaa ndani yake walianza kudai uhuru kwa fimbo ndefu, na nilikuwa nasikia maneno ya chinichini kwamba mwenye mbwa ni mvivu wa fimbo, anataka kuongozwa. Kwenye GDUI hakuna anayeniuliza kwa nini nina mbwa. Jarida lao, PawTracks, nalisoma lote hadi mwisho: utunzaji wa meno, namna ya kusafiri, barua za watu waliopoteza mbwa. Na si lazima uwe na mbwa leo, wanapokea hata aliyelea watoto wa mbwa kabla hawajapelekwa shule.

#23 Nukta Nundu
Bi Rehema, nakuheshimu, lakini hayo ya mbwa kuwa uvivu hayasemwi tena. Kwenye tawi letu nusu tuna mbwa na viongozi wanatusikiliza.

#24 Bi Rehema wa Chake
Kwenye tawi lenu. Mimi nasema nilichosikia kwenye langu.

#25 Kisiki cha Mpingo
Kumbe hata wasioona wana Simba na Yanga. Hivi ni kweli kwamba mbwa wa kwanza wa namna hii alikuwa wa Marekani? Niliwahi kusoma habari ya Morris Frank.

#26 Pwani ya Chesapeake
Hapana. Wajerumani walitangulia. Daktari Gerhard Stalling alifungua shule Oldenburg mwaka 1916 kwa ajili ya askari waliopofushwa na vita. Dorothy Eustis, Mmarekani aliyekuwa anafuga mbwa Uswisi, aliiona kazi ya Wajerumani, akaandika makala mwaka 1927. Morris Frank, kijana wa Nashville, akasomewa makala ile na baba yake, akamwandikia barua, mwaka 1928 akaenda Uswisi na kurudi na mbwa aitwaye Buddy. Shule ya The Seeing Eye ilianza Nashville mwaka 1929, baadaye ikahamia New Jersey.

Nitie neno hapo kwenye mada. Mlango wa treni haukufunguka wenyewe. Morris Frank na wenzake walizunguka kampuni kwa kampuni, na kufikia 1935 reli zote za Marekani zilikuwa zimekubali mbwa akae na mwenyewe ndani ya behewa. Majimbo yote yalikuwa na sheria kufikia 1956. Ile ilikuwa kazi ya shule na watu wake, si ya chama cha wenye mbwa. Kwa hiyo Baba Neema naye ana hoja.

#27 Mtu wa Manzese
Wakuu, huku nyumbani mnatuwazaje? Nina mdogo wangu haoni, alisoma shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma. Akipata mbwa kama Mwali atafika Kariakoo salama? Nawaza mitaro isiyo na vifuniko, bodaboda juu ya njia ya waenda kwa miguu, mama ntilie na makaa yake, na kundi la mbwa koko likimwona mgeni. Kondakta wa daladala atamruhusu kweli?

#28 Kasuku wa Ujiji
Mbwa koko ndio tatizo kubwa. Mbwa wangu alishambuliwa mara moja tu na mbwa asiyefungwa, hapa hapa Marekani, na miezi mitatu alikuwa anatetemeka tukikaribia ile kona. Kwetu ingekuwa kila siku.

#29 Ami wa Shela
Afrika Kusini wana shirika lao tangu 1953, lilianzishwa na Bi Gladys Evans, mwenyewe haoni. Nao wana mbwa wa mitaani na barabara mbovu. Haikushindikana.

#30 Mtu wa Manzese
Ami, kwetu wasioona wana chama chao, TLB, na Kenya wana KUB. Nilipomuuliza mdogo wangu atawaomba wapiganie nini kwanza, alisema vitabu vya nukta nundu na ajira. Mbwa alimweka wa saba. Nikamuuliza wa sita ni nini, akasema viatu, maana fimbo haimwambii kuna tope.

#31 Nukta Nundu
Mdogo wako ana akili. Kila nchi na foleni yake.

#32 Kisiki cha Mpingo
Nimesoma kwamba sheria ya Marekani inataja hata farasi wadogo. Ami, punda wa Lamu je, hawezi kuajiriwa?

#33 Ami wa Shela
Punda wa Lamu ana ajira tangu enzi za babu yangu, na barabara za Shela azijua kuliko wewe. Ila yeye ndiye aamuaye mwakwenda wapi, na hilo Binti Mkwakwani amesema si sahihi.

#34 Papa Ruzizi
Jambo wandugu. Mimi ni mtu wa Bukavu, nakaa Louisville, Kentucky. Nilikuwa sitaki kuandika lakini naona hapa hakuna aliyesema lililonipeleka mimi kwenye chama.

Mbwa wangu wa kwanza tulifanya kazi miaka saba. Mwaka wa saba alianza kusita kwenye ngazi. Nilijidanganya ni baridi. Siku moja tukiwa katikati ya barabara akasimama, magari yanapiga honi, na mimi nikajua kwamba amechoka na amekuwa ananificha. Shule ilikuja, ikasema astaafu. Familia iliyomlea akiwa mtoto ilimwomba, nyumba yao ina bustani, mimi nyumba yangu ni ghorofa ya tatu. Nikamtoa. Nilimvua ule mkanda wa kifuani wenye mpini, nikaukumbatia kama nguo ya marehemu.

Nyumbani kwangu hakuna aliyeelewa. Mke wangu ni mtu mwema, lakini alisema, baba, ni mbwa, watakupa mwingine. Kanisani nilitaka kuomba maombi, nikaona haya. Kwetu mtu halii mbwa. Kwa miezi miwili nilirudi kwenye fimbo na nilikuwa kama mtu aliyekatwa mkono.

Mtu wa shule alinipa namba ya mama mmoja wa chama. Alikuwa amestaafisha mbwa watano. Alinipigia kila Jumapili jioni, na hakuniambia nipate nguvu. Aliniuliza mbwa alikuwa analala upande gani wa kitanda. Nilimwambia upande wa mlango. Akasema, wa kwangu pia. Tukanyamaza kwenye simu, muda mrefu.

Kuna mikutano ya simu pia, watu wanaongea juu ya mbwa wa pili, namna unavyomwita kwa jina la wa kwanza kwa makosa na unavyojisikia vibaya. Mimi sijui kesi za mahakama. Nililipa ada kwa sababu hiyo.

#35 Binti Mkwakwani
Papa Ruzizi, nimekusoma mara mbili. Mwali yuko chini ya meza sasa hivi, kichwa chake juu ya mguu wangu. Sikutaka kufikiria siku hiyo lakini nimeifikiria.

#36 Baba Neema
Papa, pole sana ndugu yangu. Wangu wa kwanza alifia mikononi mwangu na sikumpigia mtu yeyote. Pengine ningempigia.

Bado naona hilo lingewezekana bila ada na bila rais wa chama. Wenye mbwa tunaozungumza Kiswahili humu ndani naona tumefika sita. Tungekuwa na kikundi chetu cha WhatsApp.

#37 Bi Rehema wa Chake
Kikundi cha WhatsApp, mwezi wa tatu kinageuka cha salamu za asubuhi na picha za maua ambazo hakuna kati yetu anayeziona. Mama aliyempigia Papa kila Jumapili alikuwa na orodha ya watu, na orodha ina mtu wa kuitunza. Ndipo inapokwenda ada, nayo kwa mwaka ni ndogo kuliko mfuko mmoja mkubwa wa chakula cha mbwa.

#38 Kasuku wa Ujiji
Mimi natoka nje ya mada kidogo. Desemba nataka kwenda Kigoma na mbwa. Nani amewahi?

#39 Bi Rehema wa Chake
Nimekwenda Zanzibar nikamwacha wangu kwa rafiki, ila taratibu nazijua. Kwenye ndege kuna fomu ya wizara ya uchukuzi ya Marekani, tangu Januari 2021 mashirika yanaruhusiwa kuidai hadi saa 48 kabla ya safari. Hiyo ndiyo karatasi halali, si ile kadi yako.

Kazi kubwa ni kurudi. Kuanzia tarehe 1 Agosti 2024 Marekani imekaza masharti, na Tanzania na Kenya ziko kwenye orodha ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa. Mbwa awe amefika miezi sita, awe na chipu, na kama chanjo alipata Marekani, daktari wa mifugo ajaze fomu maalumu ya chanjo na idara ya kilimo iidhinishe kabla hujaondoka. Ukikumbuka ukiwa Kigoma umechelewa. Na huko nyumbani utahitaji kibali cha kuingiza mnyama. Anza mapema.

#40 Mtu wa Manzese
Kasuku akifika Kigoma na huyo mbwa sokoni, picha zitafika Manzese kabla yake.

#41 Nukta Nundu
Kasuku, NAGDU wana laini ya simu ya maswali kama haya, na si lazima uwe mwanachama kuipiga.

#42 Baba Neema
Mwalimu, umenisaidia. Kama si lazima kuwa mwanachama, nitaipiga bila kujiunga.

#43 Nukta Nundu
Ipige tu. Ila waliolipa ndio walioiweka.

#44 Binti Mkwakwani
Wakuu, mrejesho. Jumamosi nilisikiliza mkutano wa simu wa tawi la jimbo langu kama mgeni. Dakika arobaini za kwanza walisoma kumbukumbu na kuhesabu fedha, nikawa nakunja nguo. Kisha mwanamke mmoja akasema mbwa wake ameanza kukwepa mlango wa duka moja tu, na maduka mengine anaingia vizuri. Wakamwuliza maswali: sakafu ikoje, kuna mashine ya kufagia, kuna harufu ya sabuni gani. Hawakufika mwisho. Mmoja alisema sakafu inateleza, mwingine akasema mbwa aliwahi kubanwa mkia na mlango, wa tatu akasema ni mwenye mbwa mwenyewe anayekaza mkono akifika pale kwa sababu aliwahi kufokewa, na mbwa anaisoma ile hofu kupitia mpini.

Nilisimama na shati mkononi. Mwali ananifanyia hivyo hivyo kwenye lango la kituo cha mabasi, pale ambapo mlinzi alitufukuza wiki ya kwanza.

Upande gani nitajiunga sijaamua. Bi Rehema na mwalimu msinipigie simu kwa pamoja.

#45 Bi Rehema wa Chake
Mimi nitapiga kwanza, niko mbali zaidi.

#46 Dereva wa Kisauni
Dada, huo mkutano wa simu, dereva anaweza kuingia? Nina wenzangu kumi na wawili kwenye kikundi chetu, wengi hawajawahi kuongea na mtu mwenye mbwa. Mimi naweza kuwaeleza ya kwangu, lakini wakisikia kwako ni tofauti.

#47 Binti Mkwakwani
Nitauliza mwenyekiti, nakuletea jibu hapa. Hata wasipokubali, wewe na wenzako mnipigie mimi, Jumapili nina nafasi baada ya saa tisa.

#48 Papa Ruzizi
Binti, theluji ya Ohio inakaribia. Mwali ana viatu? Ile chumvi wanayomwaga njiani inaunguza nyayo.

#49 Binti Mkwakwani
Tumejaribu jana sebuleni. Anatembea kama kuku aliyekanyaga gundi. Watoto walicheka hadi wakalala chini. Mnawazoesha vipi?

#50 Kasuku wa Ujiji
Anza na miguu ya mbele tu, dakika tano, kabla ya chakula.

#51 Baba Neema
Mimi natumia mafuta ya nta kwenye nyayo, viatu wangu alivikataa kabisa. Dallas lakini theluji ni ya siku mbili.

#52 Bi Rehema wa Chake
Nta haitoshi kwa Ohio. Subiri nitafute lile toleo la jarida, kulikuwa na mtu wa Minnesota aliyelieleza hili vizuri.